Nyeupe au nili: ukuta wa sebule na saa za mwanga

Fundi rangi huja mchana. Anafika saa nne asubuhi na kadi yake ya rangi. Makochi yameshatolewa nje, mapazia yameshushwa, madirisha yako wazi, na mwenye nyumba anasimama katikati ya chumba kitupu kinachong'aa kama ambavyo hakitang'aa tena. Hapo ndipo anapoamua. Jioni ya siku ya tatu makochi yanarudi, pazia zito linarudi na lile jepesi la ndani, wavu wa mbu unarudi dirishani. Jumatatu mwenye nyumba anatoka alfajiri kuwahi usafiri, anarudi giza limeshaingia. Rangi aliyoichagua kwa jua la saa sita anaishi nayo kwa balbu ya saa mbili usiku.

Naamini hapo ndipo mjadala wa rangi za ndani unapopotea. Watu wanabishana kama nyeupe ni nzuri kuliko rangi nzito, au kama rangi nzito inakifanya chumba kionekane kidogo, na hakuna anayeuliza chumba kinatumika saa ngapi wala mwanga wake unatoka wapi. Nitapima rangi mbili tu, kwa sababu ndizo zinazoshindaniwa zaidi sasa katika nyumba ninazoingia. Moja ni nyeupe, pamoja na ndugu yake krimu. Nyingine ni ile bluu nzito inayokaribia weusi. Kadi za madukani zinaipa majina ya kigeni, lakini pwani ina jina lake la zamani: nili.

Kiswahili chenyewe hakizitendei sawa rangi hizi. Nyeupe, pamoja na nyeusi na nyekundu, ni rangi tatu tulizo nazo kama vivumishi vyenye mzizi wake: mtu mweupe, kitu cheupe, nyumba nyeupe. Nyingine zote tumezikopa kwa vitu au kwa lugha za watu. Kijani ni jani, kijivu ni jivu, manjano ni bizari, samawati ni mbingu kwa Kiarabu. Nili ilikuja na mmea uliotoa rangi hiyo, na ikakaa kwenye nguo kabla ya kufikiriwa ukutani.

Katika karne ya 19 pwani yetu ilivaa rangi hizi mbili. Merikani ilikuwa pamba isiyotiwa rangi, iliyoletwa na meli za wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, ndipo ikapata jina. Kaniki ilikuwa pamba iliyochovywa nili mpaka ikakaribia weusi. Kaniki ilivaliwa na watumwa na watu wa kazi za sulubu, na mara nyingine ilikuwa merikani ileile iliyotiwa nili. Kuta za matajiri, kwa upande wao, zilikuwa nyeupe. Ukiingia nyumba kongwe ya Lamu unaona kwa nini. Chokaa yake ilitokana na matumbawe yaliyochomwa kwa kuni, na lipu yake ilisuguliwa mpaka ikawa laini. Vyumba ni virefu na vyembamba, upana wake haufiki mita 3, kwa sababu dari ilibebwa na boriti za mikoko na boriti ina urefu wake. Mwanga uliingia kwa uwanja wa kati peke yake. Ulipaswa kuvuka msana wa kwanza, yaani ukumbi mrefu mwembamba, kisha wa pili, ndipo ufike ndani, chumba cha faragha cha mwenye nyumba. Na huko ndani kabisa, gizani, ndiko mafundi walikojenga zidaka, safu kwa safu za vishubaka vyeupe vilivyochongwa, ili kila ukingo udake mwanga kidogo uliobaki. Wale mafundi hawakuchagua nyeupe kwa urembo pekee. Weupe ndio uliokuwa taa yao.

Hesabu yao inaweza kuandikwa kwa tarakimu. Ukuta mweupe safi hurudisha asilimia 80 hadi 90 ya mwanga unaoupiga. Nili hurudisha asilimia 5 hadi 10, iliyobaki inamezwa. Ukitazama kadi unaona tofauti ya mara kumi hivi, na unaikubali. Lakini chumba si kadi. Chumba kina kuta nne zinazotazamana, na mwanga hauzipigi mara moja ukaondoka, unadunda kutoka ukuta mmoja hadi mwingine. Chukua nyeupe ya asilimia 85. Baada ya kudunda mara tatu, mwanga uliobaki bado ni asilimia 61. Chukua nili ya asilimia 8. Baada ya kudunda mara mbili tu, haijabaki hata asilimia moja. Chumba cheupe kinautumia mwanga uleule mara kadhaa, cha nili kinautumia mara moja na basi. Ndiyo sababu mtu aliyependa kipande cha nili dukani hushtuka akipaka kuta zote nne: rangi haikubadilika, kuta ndizo zinazonyang'anyana mwanga.

Nililijua hili kwa gharama. Chumba changu cha kwanza nilichopaka nili kilikuwa na dirisha moja linalotazama ukuta wa jirani, na balbu moja katikati ya dari, kama vyumba vingi vyetu vilivyo. Usiku wa kwanza balbu ile ilikuwa mwiba machoni. Haikuwa na nguvu kuliko jana yake, ila sasa ilining'inia peke yake katikati ya giza, bila kuta za kuusambaza mwanga wake. Nilikuwa nasoma nimeinamisha kichwa kama mtu aliye juani. Niliweka taa mbili za ukutani na moja ya kusimama pembeni ya kochi, zote za mwanga mdogo, ndipo chumba kikatulia. Nili inataka taa nyingi ndogo zilizotawanywa. Anayeichagua anapaswa kuandaa na fedha za fundi umeme, maana swichi moja na balbu moja havitoshi. Leo ukuta wa nili ni dalili ya mtu anayeweza kumudu mwanga wa kutosha, na hapo mambo yamegeuka kabisa tangu enzi za kaniki.

Kisha umeme ukikatika. Nyumba nyingi zina taa ya sola au ya kuchaji inayowekwa juu ya meza siku hizo. Katika sebule nyeupe taa hiyo moja inatosha watoto kuandika kazi za shule na mtu mzima kupita bila kujikwaa. Katika sebule ya nili inaangaza meza tu. Sijaona kadi ya rangi inayotaja jambo hili, na kwa familia yenye wanafunzi mimi nalipa uzito mkubwa.

Aina ya balbu nayo ina kauli yake. Boksi la balbu ya LED lina namba: 2700K ni mwanga wa manjano, wa joto, 6500K ni ule mweupe unaoelekea bluu, ambao madukani kwetu ndio umejaa. Mwanga wa 2700K una bluu kidogo sana ndani yake, na nili kazi yake ni kurudisha bluu; isipopewa, haina cha kurudisha. Kwa hiyo chini ya balbu ya manjano nili inageuka kama mkaa, na mgeni hatajua kwamba ni bluu mpaka umwambie. Balbu ya 6500K inaiamsha nili, lakini inaufanya ukuta mweupe ufanane na wa wodi na nyuso za watu zipauke. Krimu chini ya mwanga huo inapata ukijivu usiopendeza. Chini ya balbu ya manjano, nyeupe na krimu ndipo zinapokuwa zimeketi nyumbani. Ukitaka nyeupe na nili zikae chumba kimoja, balbu ya katikati, ya 4000K, ndiyo ninayoona inazipatanisha.

Kuna saa moja tu ambayo nili haina mpinzani, na kwetu ni fupi. Mwaka 1819 Jan Purkinje wa Bohemia, katika nchi ambayo sasa ni Jamhuri ya Cheki, aligundua kwamba maua mekundu yanayowaka mchana hufifia mapema kuliko ya bluu mwanga unapopungua. Jicho linapohamia kwenye kuona kwa giza linaipendelea bluu. Kaa sebuleni jua likishatua, usiwashe taa. Mito myekundu ya kochi inazimika kwanza, inakuwa kama myeusi. Mbao zinafuata. Ukuta wa bluu unabaki, na kwa dakika chache unaonekana kuwa na mwanga wake wenyewe. Ulaya jioni hiyo hurefuka wakati wa kiangazi. Kwetu karibu na ikweta, tangu jua kutua mpaka giza kuingia ni dakika 20 na kidogo. Unayemwona amepaka nili kwa ajili ya magharibi hiyo amepaka kwa ajili ya dakika 20, na simlaumu, ila ajue.

Vitabu vya mapambo tunavyosoma vimeandikwa kwa ajili ya nchi za kaskazini, na ushauri wake hautufai wote. Vinasema chumba chenye dirisha la kaskazini ni baridi, kipakwe rangi ya joto. Dar es Salaam, kuanzia Machi hadi mwanzoni mwa Oktoba, jua la adhuhuri linakaa upande wa kaskazini, kisha linahamia kusini. Kaskazini kwetu hakuna ubaridi wa kudumu. Pande zinazotuhusu ni mashariki na magharibi. Dirisha la magharibi linaingiza jua la alasiri, kali na la rangi ya chungwa; ukuta mweupe unaolipokea unaumiza macho saa kumi, wakati ukuta wa nili unalimeza na kukaa kimya. Hapo, kwenye ukuta unaotazama dirisha la magharibi, nili inapata kazi ya maana. Runinga ikiutazama ukuta huo ndiyo bora zaidi, kwa sababu kioo cha runinga hakina ukuta unaong'aa wa kuuakisi.

Wapo wanaoikataa nili wakisema itapandisha joto. Hilo lisiwasumbue. Joto la nyumba zetu linaingia kwa bati, kwa kuta za nje na kwa dirisha lisilo na kivuli. Rangi ya ukuta wa ndani, usiopigwa na jua, haiongezi kitu cha kuhesabu. Bati ndilo la kushughulikia.

Sasa nije kwenye jambo ambalo mafundi wanalijua kuliko wachoraji wa ramani: kila rangi inafichua ugonjwa wake. Ukuta mweupe unafichua ukungu. Vidoti vyeusi kwenye kona ya juu, nyuma ya kabati, chini ya bomba linalovuja, vinaonekana siku vinapoanza. Unafichua pia kichwa kilichoegemea, mkono wa mtoto uliotoka kwenye maandazi, na damu ya mbu aliyepigwa na ndala. Ukuta wa nili unavificha hivyo vyote, lakini unafichua chumvi. Pwani, penye nyumba zilizojengwa kwa mchanga wa bahari au ambazo msingi wake hauna karatasi ya kuzuia unyevu, maji hupanda ukutani na chumvi, yanakauka, na kuiacha juu ya rangi. Kwenye nyeupe huioni mpaka lipu ianze kumenyeka na kudondoka kama unga. Kwenye nili inatoka kama ramani: visiwa vyeupe vyenye kingo, vinavyopanuka kila masika, kuanzia sakafuni hadi usawa wa goti. Nimeona ukuta wa nili uliopendeza Desemba ukaharibika kabisa kufika Mei. Rangi haikuwa na kosa, ukuta ulikuwa unaumwa tangu zamani, na nyeupe ilikuwa imemsitiri mwenye nyumba. Kwa hiyo kabla ya kupaka rangi nzito nyumba ya pwani, gusa ukuta kwa chini wakati wa mvua. Ukiwa na ubaridi wa maji na unga unaobaki kwenye kiganja, tibu unyevu kwanza.

Mikwaruzo nayo. Nili isiyong'aa ikiguswa kwa ukucha inabaki na mstari mweupe kama wa chaki, na ukiufuta kwa kitambaa kibichi unabaki na doa linalong'aa. Ukiepuka hilo kwa kuchagua ya kung'aa, kila wimbi la lipu litaonekana, hasa mwanga unapoingia kwa ubavu. Nyeupe inasamehe ukuta uliopigwa skimu kwa haraka. Nili inamdai fundi apige msasa hadi mkono umuume. Shule na zahanati zetu zilishatatua hili kwa njia yao: rangi nzito ya mafuta chini mpaka usawa wa bega, inayofutika, na nyeupe ya maji juu, inayogawa mwanga. Mpango huo unadharauliwa kwa sababu unakumbusha foleni ya dawa, lakini katika korido ya nyumba yenye watoto sijapata kuona wa kuupita.

Nilipofungua ndoo yangu ya kwanza ya nili kabla mashine haijaichanganya, ndani kulikuwa na kitu kama uji mwepesi. Ndipo nilipoanza kuuliza. Nyeupe inafunika ukuta kwa sababu ya titani dioksidi, unga ambao chembe zake hupinda mwanga kwa nguvu na kuurudisha kabla haujafika kwenye ukuta wa nyuma. Rangi nzito haiwezi kuwekewa unga huo kwa wingi, maana ingepauka. Rangi yake inatoka kwenye viongeza rangi vilivyokolea, na bluu inayotumika sana, thalosianini, iliyogunduliwa kwa bahati, ina nguvu ya ajabu lakini ni angavu kama wino. Ndiyo maana mkono wa kwanza wa nili ni michirizi mitupu, kila pito la rola linaonekana. "Dada, usiogope," fundi aliniambia akiniona nimeshika kiuno. "Huu wa kwanza ni wa kutisha. Subiri wa tatu." Na kweli ulikuwa wa tatu.

Piga hesabu. Sebule ya mita 4 kwa 4, dari mita 3, ina kuta za mita za mraba 48. Toa mlango na madirisha, zibaki 42. Lita moja hufunika mita za mraba 10 hadi 12 kwa mkono mmoja. Nyeupe juu ya nyeupe, mikono miwili, ni lita 8 hivi. Nili, mikono mitatu, ni lita 12 hivi, na kila lita ina bei kubwa kwa sababu ya viongeza rangi. Ukuta mmoja tu wa nili, mita za mraba 12, unamalizwa na galoni ya lita 4. Na kurudi kutoka nili kwenda nyeupe ni safari nyingine: praima, kisha mikono miwili au mitatu. Mpangaji anayetakiwa kuikabidhi nyumba kama alivyoikuta akumbuke safari hiyo kabla ya kuanza ya kwanza. Nyumba ikiwa ya zamani, rangi ya chini isikwanguliwe kavu mbele ya watoto; rangi za mafuta za zamani, hasa za manjano na nyekundu, huenda zikawa na risasi, na vumbi la risasi halina kiwango salama. Lowesha ukuta, futa, kusanya.

Zikikaa pamoja, rangi hizi zinabadilishana sura. Michel Eugène Chevreul, aliyesimamia idara ya rangi katika karakana za mazulia za Gobelins, Paris, alipelekewa malalamiko kwamba nyuzi nyeusi hazikuwa nyeusi vya kutosha. Akagundua kuwa nyuzi hazina kosa, ila rangi zilizolala kando yake ndizo zilizoyadanganya macho ya watu. Kitabu chake kikatoka mwaka 1839. Weka nyeupe kando ya nili utaona kisa hicho nyumbani kwako: nyeupe inapata umanjano kidogo. Krimu uliyoipenda peke yake, kando ya nili inaonekana kama nyeupe iliyochakaa. Nyeupe baridi, ambayo peke yake ingekuwa kama ya wodi, ndiyo inayosimama safi. Wazee wetu walilijua kwa mikono. Waliokuwa wakipaka chokaa walitia ndani yake chembe za bluu ya kufulia, ileile ya kusuuzia shuka, ili ukuta uonekane mweupe zaidi. Umanjano wa chokaa ulizimwa na bluu kidogo sana. Hivyo katika kila ukuta mweupe wa nyumba ya bibi yangu palikuwa na bluu ndani.

Na jambo ninalolipenda kuliko yote ni nyuso. Piga picha ya familia siku ya Idi mbele ya ukuta mweupe, simu itaupima ukuta na kuzitia giza nyuso za watu wenye ngozi nyeusi. Macho yanapotea, meno yanabaki. Wasimamishe mbele ya nili, na nyuso zinatokea, kahawia na dhahabu, kila mtu na rangi yake. Lakini nyuso hizo zinahitaji mwanga kutoka mbele, na mwanga huo unatoka kwenye ukuta wa pili. Ukuta wa pili uwe mweupe.

Kwa hiyo sebule ya familia, yenye dirisha moja na wanafunzi, mimi naipaka nyeupe kuta tatu na dari, na nili naipa ukuta mmoja, ule unaokutana na jua la magharibi. Chumba cha kulala, kinachotumika taa ikizimwa, kinaweza kuwa nili chote, na nimelala ndani ya kimoja miaka minne kwa raha. Jikoni hapana.

Kabla ya kununua galoni, nunua kopo dogo na upate kipande cha hadibodi cha sentimita 60 kwa 60. Kipake mikono mitatu, acha kikauke siku mbili. Kiegemeze kwenye ukuta husika saa moja asubuhi, saa tisa mchana, jua likitua, na saa mbili usiku na mapazia yakiwa yamefungwa na balbu zako zinawaka. Siku umeme ukikatika, kitazame tena kwa taa ya sola. Changu bado ninacho, nili upande mmoja na nyeupe upande wa pili, kona moja imeliwa na maji. Sasa hivi kiko kwa jirani, na ameniomba kikae mpaka mwisho wa wiki.